Shule ya Kwanza ya Mtakatifu Tereza

Mara nyingi tunasikia wazazi wakisema juu ya mtoto wao wa miaka mitatu au minne: «Huyu bado mdogo, hajui kitu. Akikua, katekista atamfundisha.» Wasemao hivyo si wazazi wabaya. Walimleta mtoto wao kubatizwa, wanamvalisha vizuri siku ya Noeli, tena wanamwombea akishikwa na homa. Lakini wanadhani kwamba mambo ya Mungu huanza siku ile mtoto anapoketi kwenye benchi la katekisimo.

Leo tunataka kuonyesha, kwa habari za kweli, kwamba sivyo. Tutaingia katika nyumba moja ya Ufaransa, tuwatazame watoto wadogo wanavyocheza, wanavyouliza, wanavyoharibu vitu na kuomba msamaha. Mmoja wao alifiwa na mama yake kabla ya kutimiza miaka mitano. Mtoto huyo ndiye Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu, msimamizi wa misioni. Kama mama yake angalisema «bado mdogo», angalikufa bila kumfundisha kitu.

FUNDI WA SAA NA FUNDI WA LASI

Alençon ni mji wa Normandia, katika Ufaransa. Zamani mji huo ulisifiwa kwa ajili ya lasi, ni kusema kile kitambaa chepesi chenye matundu na maua, kinachofanywa kwa sindano na uzi mwembamba sana. Zélie Guérin, aliyezaliwa mwaka 1831, alikuwa fundi wa kazi hiyo. Louis Martin, aliyezaliwa mwaka 1823, alikuwa fundi wa saa. Wote wawili katika ujana wao walitamani utawa, wote wawili hawakupokelewa. Basi wakaonana, wakapendana, wakafunga ndoa usiku wa kuamkia tarehe 13 Julai 1858.

Mungu aliwapa watoto tisa. Wanne walikufa wadogo: wavulana wawili walioitwa Joseph, wala hawakufikia mwaka mmoja, msichana mmoja ambaye hakufikia miezi miwili, na Hélène, aliyekufa mwaka 1870 akiwa na miaka mitano. Wakabaki wasichana watano: Marie, Pauline, Léonie, Céline, na kitinda mimba Thérèse, ambaye sisi tunamwita Tereza. Huyu alizaliwa tarehe 2 Januari 1873.

Hapa tusimame kidogo, maana kati ya wasomaji wetu wapo akina mama waliokwisha kuzika watoto. Watu wa Alençon walimwambia Zélie kwamba ingalikuwa afadhali kutowazaa watoto wale kuliko kuwazaa na kuwazika. Maneno hayo yalimchoma. Katika barua aliyomwandikia wifi yake aliyefiwa na mtoto, alieleza kwamba alipowafumba macho watoto wake aliona uchungu mkubwa. Lakini hakujuta hata siku moja kwa taabu aliyoipata kwa ajili yao. Kwake hawakuwa wamepotea. Maisha ni mafupi, akasema, nasi tutawakuta juu.

Zélie alikuwa mtu wa kazi nyingi. Aliwasimamia wanawake waliomfanyia kazi ya lasi, naye mwenyewe aliunganisha vipande vyao kwa sindano. Usiku, watoto wakiwa wamelala, aliandika barua: kwa kaka yake, kwa wifi yake, na kwa Marie na Pauline waliokuwa wakisoma katika shule ya masista mjini Le Mans. Barua zaidi ya 200 zimehifadhiwa. Ndani yake hamna mafundisho makubwa ya kitaalimu. Mna bei ya lasi, kikohozi cha mtoto, na maneno ya kuchekesha ya wale wadogo. Zélie hakujua kwamba anaandika historia.

Mwaka 1895 Pauline, aliyekuwa mkubwa wa monasteri ya Karmeli ya Lisieux, alimwamuru mdogo wake Tereza aandike kumbukumbu za utoto wake. Tereza akazichukua barua zile za mama, akanakili vipande vyake. Kwa njia hiyo mambo ya nyumba ile yametufikia sisi.

MTOTO KWENYE NGAZI

Tereza alipozaliwa alikuwa dhaifu, na mama yake hakuweza kumnyonyesha. Ikambidi Zélie amtafute mwanamke wa shamba, Rose Taillé wa kijiji cha Semallé, amnyonyeshe. Mtoto akakaa huko mwaka mzima hivi, akapata nguvu, akarudi nyumbani Aprili 1874. Toka hapo alimpenda mama yake kwa namna ambayo hakutaka kumwacha hata kidogo.

Nyumba yao ilikuwa na ghorofa. Tereza alipopanda ngazi peke yake, alisimama kwenye kila kipandio akaita: «Mama!» Kama mama hakuitika, mtoto alibaki palepale, hasogei mbele wala harudi nyuma. Kipandio cha kwanza, mama. Kipandio cha pili, mama. Hivyo mpaka juu. Kila mara Zélie alipaswa kuitika.

Kila mama aliye na mtoto mdogo analijua jambo hilo. Mtoto anaita mara ishirini, wala hana haja yoyote. Tena sufuria iko motoni, mihogo haijamenywa, na mgeni yupo mlangoni. Kusema «Nyamaza!» ni rahisi sana. Zélie naye alikuwa na lasi mkononi, kazi isiyotaka mkono wenye haraka. Lakini aliitika.

Mtoto alijifunza nini katika kuitikiwa huko? Alijifunza kwamba ukiita, unasikilizwa. Alijifunza kwamba yuko mtu usiyemwona, aliye juu ya ngazi, ambaye hajakusahau. Basi siku alipofundishwa sala ya Baba Yetu, hakuwa mgeni. Alikwisha kufanya mazoezi ya sala kwa miguu yake.

Miaka zaidi ya ishirini ikapita. Tereza, sasa mtawa, alisaidia kuwalea wanovisi. Mmoja wao alivunjika moyo, akiona kwamba hasongi mbele katika wema. Tereza akamkumbusha mtoto mdogo anayesimama chini ya ngazi. Anainua mguu wake mfupi apande kipandio cha kwanza, anaanguka. Anainua tena, anaanguka tena. Mungu yuko juu anamtazama kwa upendo. Hataki neno lingine ila mtoto azidi kuinua mguu. Siku moja atashuka mwenyewe, atamchukua mikononi.

Juni 1897, akiwa karibu kufa kwa kifua kikuu, aliandika jambo hilo kwa mfano mwingine. Matajiri wa Ulaya, alieleza, siku hizi hawapandi ngazi. Wameweka lifti nyumbani mwao. Naye alitafuta lifti ya kumfikisha kwa Mungu, kwa sababu alijiona mdogo mno kwa ngazi ya ukamilifu. Akasoma maneno ya nabii Isaya juu ya mama anayembeba na kumtuliza mtoto wake, akafahamu: lifti yake ni mikono ya Yezu.

Hiyo ndiyo ile «njia ndogo» ambayo leo inafundishwa pote. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Tereza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Wakubwa wenye elimu nyingi wameandika vitabu juu ya njia hiyo. Nasi tunaona kwamba mfano wake ni ngazi na mtoto, kama vile walivyokuwako katika nyumba ya Alençon.

KARATASI ILIYOCHANIKA

Siku moja mtoto huyohuyo, bila kukusudia, aliharibu kipande kidogo cha karatasi ya mapambo iliyobandikwa ukutani. Baba yake hakuwapo. Watu wa nyumbani walilisahau jambo lile, lakini Tereza hakulisahau. Baba aliporudi, alimkimbilia Marie, akamhimiza amwambie baba upesi kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Akasimama pale kama mtu anayengoja hukumu. Mama yake aliandika kwamba mtoto alikuwa na wazo lake: akijishitaki mwenyewe, atasamehewa kwa urahisi zaidi.

Wazazi, tuangalie sana hapa. Mtoto hawezi kuwaza hivyo katika nyumba ambamo kila kosa hulipwa kwa fimbo. Angalificha. Angalimsingizia ndugu yake au paka. Tereza alikimbilia kusema ukweli kwa sababu alimjua baba yake. Wazazi wale hawakuwa walegevu. Walikemea, nao watoto walitii. Lakini kosa likiungamwa, lilikwisha. Mtoto anayelelewa hivyo, akifika siku ya Kitubio, hamwogopi padri. Anajua tayari njia ya kurudi kwa Baba.

MANENO YA VINYWA VYAO

Watoto wadogo huchukua neno la mzazi na kulifikisha mpaka mwisho wake. Desemba 1875, Tereza alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Alimkumbatia mama yake kwa mapendo mengi, akamwambia kwamba anatamani afe. Wakamkemea. Mtoto akashangaa: je, si mama mwenyewe aliyesema kwamba kwenda mbinguni ni lazima kufa kwanza? Basi yeye alikuwa anamtakia mema! Hata baba yake alimtakia hivyo, pale mapendo yake yalipozidi.

Zélie alicheka, akaliandika. Lakini neno hilo lilimrudishia mama katekisimo yake mwenyewe. Sisi tunasema kwamba tunaamini uzima wa milele. Mtoto yule aliamini kweli. Mara ngapi watoto wetu wanatufanyia hivyo?

Siku nyingine, Céline alirudi kutoka Misa na mikono mitupu. Desturi ya Wafransa ilikuwa kugawa baada ya Misa mkate uliobarikiwa. Huo si Ekaristia, ni mkate tu wenye baraka. Tereza alikuwa mdogo mno kwenda Misa, naye kila Jumapili alingoja kipande chake kama sehemu yake ya sala. Siku hiyo hakikuwapo. Basi akamwomba Céline atengeneze. Céline akafungua kabati, akakata kipande cha mkate, akakisalia Salamu Maria, akampa mdogo wake. Tereza akafanya ishara ya msalaba, akala kwa heshima.

Ni mchezo, ndiyo. Lakini watoto hucheza yale wanayoyaona yakiheshimiwa. Hata huku kwetu twawaona wakivaa kitambaa begani na kucheza padri, au wakiimba wimbo wa Komunyo kwenye kivuli cha mwembe. Tusiwafukuze. Tutazame kwanza wanacheza nini, ndipo tutajua nyumba yetu inaheshimu nini. Maana wengine hucheza ulevi wa baba na matusi ya majirani.

MAMA ANAKUFA, MAFUNDISHO YANABAKI

Tusidhani kwamba nyumba ile ilikuwa mbingu. Léonie, mtoto wa tatu, aliwashinda wote kwa ukaidi. Shule ya masista ilimrudisha nyumbani. Mama yake alilia na kusali, asijue la kufanya. Mwaka 1877 Marie aligundua siri: mtumishi wa nyumba alikuwa akimtisha Léonie na kumtesa kisirisiri, ili amtii yeye peke yake. Zélie, ambaye tayari alikuwa mgonjwa sana, aliona uchungu kwa kutojua. Akamvuta mtoto karibu yake, akaanza kumfundisha kwa upole. Naye Léonie akaanza kubadilika. Miezi ilikuwa imebaki michache tu, lakini haikupotea. Léonie alijaribu utawa mara kadhaa akashindwa. Mwaka 1899 akaingia kabisa kwa Wavizitasio wa Caen, akafa huko mwaka 1941 katika sifa njema. Mwaka 2015 Kanisa lilifungua kesi ya kumtangaza mwenye heri. Mtoto mkaidi aweza kuwa mtoto aliyeonewa. Tuulize kwanza, ndipo tukemee.

Zélie alikufa kwa kansa ya ziwa tarehe 28 Agosti 1877. Tereza alikuwa na miaka minne na miezi minane hivi. Siku ya maziko mtumishi aliwahurumia wadogo wale wasio na mama tena. Céline akajitupa mikononi mwa Marie na kumchagua awe mama yake. Tereza akajitupa mikononi mwa Pauline. Novemba ya mwaka uleule baba akawahamisha wote Lisieux, karibu na mjomba wao.

Pauline alikuwa na miaka kumi na sita tu. Lakini tazama jinsi alivyoyashika yale ya mama yake. Tereza alikuwa na wasiwasi: kwa nini Mungu hawapi watakatifu wote utukufu sawasawa mbinguni? Je, wale wadogo hawatahuzunika? Pauline hakutafuta kitabu. Alimtuma alete bilauri kubwa ya baba, aiweke karibu na kastabini, ile kofia ndogo ya chuma ambayo mshonaji huivaa kidoleni sindano isimchome. Wakavijaza vyote viwili maji. Kisha akamwuliza: Kipi kimejaa zaidi? Mtoto akaona kwamba vyote vimejaa, wala hakuna kinachoweza kupokea tone zaidi. Hivyo akafahamu kwamba huko mbinguni mdogo hatamwonea wivu mkubwa.

Jambo gumu namna hiyo lilielezwa kwa maji na vyombo viwili. Katika nyumba zetu kuna mtungi na kikombe, kibuyu na kata. Tumekosa nini?

BABA NAYE

Wanaume wengine watasema kwamba haya ni mambo ya akina mama. Louis Martin alikuwa mjane mwenye binti watano. Kila siku alimchukua Tereza kutembea, wakaingia kanisani kumsalimu Yezu katika Sakramenti. Maskini walipokuja mlangoni siku ya Jumatatu, Tereza ndiye aliyewapelekea sadaka.

Siku moja walikutana na mzee anayejikokota kwa magongo. Tereza alimpa senti yake. Mzee akatabasamu kwa huzuni, asiipokee. Mtoto aliumia moyoni, akaogopa kwamba amemtia haya. Akakumbuka kusikia kwamba siku ya Komunyo ya kwanza mtu hupata neema anayoomba. Akaahidi kimoyomoyo kumwombea maskini wake siku hiyo. Alikuwa na miaka sita. Akangoja miaka mitano, na alipokomunika mara ya kwanza, tarehe 8 Mei 1884, alimwombea.

Nani alisema kwamba mtoto wa miaka sita hajui kitu? Siku zile watoto walicheleweshwa Komunyo mpaka karibu miaka kumi au zaidi. Mwaka 1910 Papa Pio X aliamuru kwamba watoto wapokee wakiisha kupata akili, ni kusema miaka saba hivi. Papa huyo aliwafahamu watoto.

Jioni, baada ya mchezo, dada mkubwa alisoma katika kitabu juu ya sikukuu za Kanisa, kisha wote walipanda juu kusali. Tereza alipiga magoti karibu na baba yake. Baadaye aliandika kwamba ilimtosha kumtazama baba ili ajue watakatifu husali namna gani. Wababa, je, watoto wetu wamewahi kutuona tukipiga magoti nyumbani? Au wanatuona kanisani tu, nyuma kabisa, karibu na mlango?

NA SISI JE?

Tereza aliingia Karmeli mwaka 1888 akiwa na miaka kumi na mitano, akafa tarehe 30 Septemba 1897 akiwa na miaka ishirini na minne. Hakufika Afrika kamwe. Lakini aliwaombea wamisionari, na mmoja wa ndugu zake wa kiroho, Maurice Bellière, aliingia katika shirika la Mapadri Weupe, lile lile lililoleta Injili kwenye ukingo wa ziwa Tanganyika, upande wetu wa Kongo. Mwaka 1925 alitangazwa mtakatifu; mwaka 1927 Papa Pio XI akamfanya msimamizi wa misioni. Na tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu siku moja, bwana na bibi pamoja. Jambo hilo halikuwa limefanyika kabla yao.

Kanisa liliona nini katika wazazi hao? Hawakuhubiri sokoni, hawakumwaga damu. Walifanya kazi, walizika watoto, waliitika walipoitwa kwenye ngazi.

Wazazi wapendwa, hatuwaombi mwongeze mzigo mwingine juu ya mizigo yenu. Twajua kwamba mnarudi shambani mmechoka. Lakini mtoto yupo mgongoni mwako unapolima, yupo karibu na moto unapopika. Mwonyeshe mbegu inayooza na kuota, umwambie habari ya ufufuko. Akivunja chungu na kusema ukweli, msamehe mbele ya wenzake. Ukigawa chakula, mpe yeye sahani ya jirani mgonjwa aipeleke kwa mikono yake. Akiuliza neno lililokushinda, usimkemee; sema «tutamwuliza padri», mwende pamoja.

Katekista atafanya kazi yake kwa wakati wake. Lakini atajenga juu ya msingi gani, kama miaka sita ya kwanza ilipita bure? Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee wetu. Tena hatujui siku zetu. Zélie alikuwa na miaka minne na miezi michache tu kwa mtoto wake wa mwisho, na kwa sehemu ya miaka hiyo mtoto alikuwa mikononi mwa mwingine. Hakungoja.

Usiku huu mtoto wako atakuita toka kwenye mkeka wake, labda bila sababu. Mwitikie.